Usiniulize asilimia ngapi kabla hujaniambia umbo la chembe

Karibu kila anayeniandikia kuhusu plastiki au gundi inayopitisha umeme huanza na swali lilelile: nitie unga asilimia ngapi? Nami humjibu kwa swali, jambo ambalo najua linaudhi: unga wako una umbo gani? Wengi hunirudishia jina la metali. "Ni nikeli." Sawa, ni nikeli, lakini ni nikeli ya vitufe, ya miiba, au ile iliyoshikana kama minyororo? Hizo tatu ukizichanganya na epoksi ileile kwa ujazo uleule utapata vitu vitatu ambavyo mita haitakubali ni ndugu. Kimoja kinaweza kuwa kihami, kingine kipitishi, cha tatu kikabadilika tabia kila ukikibonyeza.

Kazi yangu ni kutengeneza kompoziti, yaani resini au plastiki iliyotiwa chembe za kitu kingine, na kuzipima umeme wake. Vifaa ni vichache: mizani, kikombe, mashine ya kukoroga, pampu ya kuvuta hewa, tanuri, kalibu, mita ya ukinzani, na hadubini ambayo ningekuwa na sauti ningeipa nafasi ya kwanza mezani. Mita inakwambia kimetokea nini. Hadubini inakwambia kwa nini.

Tuanze na upimaji wenyewe, maana hapo ndipo watu hukata tamaa mapema. Bamba likitoka kwenye kalibu linang'aa vizuri. Huo mng'ao ni resini tupu, ngozi nyembamba iliyokaa kati ya chembe na ukuta wa kalibu. Ukigusisha ncha za mita juu yake, mita itakuapia kwamba humo ndani hamna kitu, hata kama umejaza nusu kilo ya kaboni. Mimi hupiga msasa ncha mbili za bamba mpaka mng'ao uishe na uso uwe wa kijivu kilichofifia, nafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, napaka rangi yenye madini ya fedha, nasubiri ikauke, ndipo napima kati ya hizo ncha mbili. Na kama ukinzani ni mdogo, natumia waya nne: mbili za kupeleka mkondo, mbili za kusoma volti, ili ukinzani wa waya na miguso usijiingize kwenye hesabu.

Sasa chukua mabamba mawili, yote yana kaboni asilimia 2 ya ujazo. La kwanza lina grafiti iliyosagwa ikawa punje zinazokaribia mviringo. La pili lina nyuzi fupi za kaboni ambazo urefu wake ni mara mia ya unene. Kwa macho ni mapacha, yote meusi. La kwanza halipitishi chochote. La pili linapitisha. Hakuna aliyebadilisha kaboni wala kiasi chake.

Sababu kubwa ni ya kijiometri. Umeme unataka njia isiyokatika kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa kuwa resini haipitishi, njia hiyo lazima ijengwe na chembe zinazogusana, au zilizokaribiana kwa nanomita chache kiasi kwamba elektroni zinaweza kupenya pengo kwa mujibu wa fizikia ya kwantamu. Ukiongeza chembe kidogokidogo, kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Vishada vinaundwa huku na kule, kila kimoja kikiwa kisiwa ndani ya resini. Kisha unafika mahali visiwa vinaungana, kishada kimoja kinavuka bamba zima, na ukinzani unaporomoka mara milioni au zaidi kwa nyongeza ndogo tu ya unga. Mahali hapo huitwa kizingiti cha perkolesheni. Hisabati yake iliasisiwa na Broadbent na Hammersley mwaka 1957, na mwaka 1970 Scher na Zallen wakaonyesha kwamba kwa vitufe katika vipimo vitatu kizingiti huangukia karibu na asilimia 16 ya ujazo, haidhuru vitufe hivyo vimepangwa kwa mfumo gani wa fuwele.

Hiyo 16 imekaririwa mno. Watu wanaitaja kana kwamba ni sheria ya kaboni, au ya shaba, au ya kompoziti zote. Ni namba ya vitufe, basi. Na hata vitufe halisi mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo, kwa sababu resini hupenda kujipaka juu ya kila chembe na kuacha utando katikati ya zile zinazojifanya zinagusana.

Ukitaka kuelewa kwa nini umbo lina nguvu hivyo, weka chembe moja mahali pake halafu jiulize: kitovu cha chembe ya pili kikiwa wapi, hizi mbili zitagusana? Kwa vitufe viwili vinavyolingana, eneo hilo ni tufe lenye nusukipenyo maradufu, kwa hiyo ujazo wake ni mara 8 ya kitufe kimoja. Kwa vijiti vyembamba vilivyolala ovyo, eneo hilo ni kubwa kuliko kijiti kwa takribani mara mbili ya uwiano wa urefu kwa unene. Kijiti chenye urefu mara 100 ya unene wake kinatawala nafasi mara 200 ya ujazo wake mwenyewe. Gololi chache ndani ya sanduku zinaweza kukaa kila moja na pake. Njiti za kiberiti zenye ujazo uleule zitakwamana tu.

Lars Onsager alihesabu nafasi hiyo mwaka 1949 akiwa na shughuli nyingine kabisa, ya kueleza jinsi chembe ndefu ndani ya kimiminika zinavyojipanga upande mmoja zenyewe. Katika miaka ya 1980 Isaac Balberg na wenzake wakaichukua na kuipeleka kwenye umeme. Kinachotoka ni kanuni fupi ambayo naitumia kila wiki: kwa vijiti vyembamba, kizingiti ni takribani nusu ya unene ukigawanya kwa urefu. Uwiano wa 100 unakupa nusu asilimia. Uwiano wa 1,000 unakupa asilimia 0.05. Vijiti vifupi huhitaji zaidi kidogo ya kanuni inavyosema, lakini kama mahali pa kuanzia haijawahi kunipoteza mbali.

Ndiyo maana mirija-nano ya kaboni (mirija myembamba mno, ya unene wa nanomita) na grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja) zilileta kelele nyingi. Mwaka 2003 watafiti waliripoti mirija-nano ndani ya epoksi iliyopitisha umeme kwa asilimia 0.0025 ya uzito. Mwaka 2006 ikaripotiwa grafini ndani ya polistairini kwa asilimia 0.1 ya ujazo. Ile ya kwanza ni ndogo kuliko hata kanuni ya vijiti inavyoruhusu, na hilo lina maelezo: mirija ndani ya resini ambayo bado ni majimaji hutembea na kuvutana, ikajijengea mtandao kwa makusudi yake. Mtandao uliojengwa kwa kuvutana hauhitaji bahati ya kugongana.

Haya yote ni ya juu ya kizingiti. Chini yake, pale chembe hazijaungana, wengi hudhani umbo halina kazi. Linayo, na hapa ndipo wahandisi wa kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) na wa nyaya za volti kubwa wanapotofautiana kuhusu kipi ni kizuri.

Maxwell, katika kitabu chake cha umeme na sumaku cha mwaka 1873, alitoa hesabu ya vitufe vichache vilivyotawanyika ndani ya kitu kingine. Baadaye hesabu hiyo ikapanuliwa ifae chembe zilizorefuka au kubonyea. Ndani yake kuna namba moja inayobeba umbo lote, na namba hiyo hueleza jinsi chaji zinazojikusanya kwenye ncha za chembe zinavyoupinga uga wa umeme ulioziita. Kwa tufe ni theluthi moja kila upande. Kwa sindano ndefu inakaribia sifuri kwa urefu na nusu kwa upana. Kwa sahani nyembamba inakaribia moja ukiichoma kwa unene wake, na sifuri ukiifuata bapa lake. Jumla ya pande tatu ni moja daima.

Ukishaijua, hesabu ni rahisi. Chukua chembe ya metali yenye umbo la sindano ambayo urefu wake ni mara 10 ya unene, imesimama kuelekea uga. Namba yake ni karibu 0.02. Igeuze juu chini upate kiasi ambacho chembe hiyo inapandisha uwezo wa kompoziti wa kuhifadhi chaji: takribani mara 49 ya ujazo wake. Kwa tufe la metali ileile ni mara 3. Maana yake, asilimia 1 ya vitufe inapandisha pemitiviti ya resini, yaani huo uwezo wa kuhifadhi chaji, kwa asilimia 3, ilhali asilimia 1 ya sindano zilizoelekezwa inaipandisha kwa karibu nusu. Hata ukizitupa sindano hizo ovyo bila kuzielekeza, unapata karibu asilimia 18. Sahani zenye uwiano uleule wa 10, zikitupwa ovyo, hukupa karibu 10.

Mtengeneza kapasita akisikia hivyo anataka sindano. Ngoja kwanza. Ileile 49 ndiyo mara ambazo uga wa umeme unakuzwa pale kwenye ncha ya sindano. Kwenye tufe, sehemu kali kabisa ya uga ni mara 3 tu ya uga uliowekwa. Resini iliyo mbele ya ncha ya sindano inateseka kwa uga mara 49, na kihami hakisubiri wastani. Hutoboka pale kinapozidiwa. Umepata kapasita yenye kuhifadhi chaji nyingi kwa volti ndogo, ambayo ukiipandishia volti inapasuka mapema. Na nishati inayohifadhiwa hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo kilichoongezwa na umbo kinaweza kunyang'anywa na umbo hilohilo. Nikiona mtu anatangaza pemitiviti kubwa bila kutaja volti ya kutoboka, huwa naacha kusoma.

Nikae kidogo kwenye gundi ya fedha, kwa sababu ndiyo ninayoishika zaidi, na ndiyo inayoonyesha kwamba kuvuka kizingiti ni mwanzo tu wa kazi. Gundi hizi za epoksi hutumika kushikiza chipu mahali ambapo kulehemu hakufai. Kwenye karatasi ya data utasoma fedha asilimia 70 hadi 80 ya uzito. Namba inatisha mpaka ukumbuke kwamba fedha ina gramu 10.5 kwa kila sentimita ya ujazo na epoksi kama 1.2. Asilimia 80 ya uzito inageuka kuwa karibu 31 ya ujazo. (Hapa nina ugomvi na dunia: njia za umeme zinajengwa na ujazo, mizani inapima uzito, na hakuna anayejisumbua kugeuza.)

Sasa 31 iko mbali juu ya kizingiti cha vitufe. Kwa nini basi karibu kila mtengenezaji anaweka vigamba, yaani chembe bapa kama magamba? Kwa sababu ya mguso. Vitufe viwili vigumu vikigusana vinagusana kwenye nukta, na mkondo wote unabanwa upite hapo. Ragnar Holm, aliyeyachunguza mambo ya miguso kwa undani, alionyesha kwamba ukinzani wa mbano huo ni ukinzani mahususi wa metali (ule wa metali yenyewe, bila kujali ukubwa wa kipande) ukigawanywa kwa kipenyo cha mguso. Mguso ukiwa mpana mara kumi, ukinzani unapungua mara kumi. Vigamba hulaliana uso kwa uso, vinapishana, na mkondo unapata mlango mpana wa kuhamia kwa jirani. Hata hivyo usitarajie muujiza: gundi nzuri ya fedha bado ina ukinzani mahususi mara mia na zaidi ya ule wa fedha tupu. Idadi ya miguso ni kubwa mno.

Vigamba vya fedha hupatikana kwa kusaga unga ndani ya pipa lenye mipira migumu, pamoja na asidi ya mafuta kama asidi ya steariki ili chembe zisigandane. Mafuta hayo hubaki juu ya vigamba kama utando, nayo hayapitishi umeme. Ndiyo sababu ukichovya ncha za mita kwenye gundi mbichi unaweza kupata ukinzani mkubwa wa kushangaza ndani ya kitu kilichojaa fedha. Jambo ninalopenda kuwaonyesha wageni wa maabara ni hili: napaka mstari wa gundi juu ya kioo, nafunga waya nne, napitisha waya hizo kwenye ukingo wa mlango wa tanuri, nawasha. Mwanzoni namba kwenye mita inacheza juu huko bila utulivu. Epoksi inapoanza kukaza inanywea, inavibana vigamba kimoja juu ya kingine, joto linaulegeza ule utando wa mafuta, na namba inaanza kushuka, inashuka zaidi, inakata tarakimu baada ya tarakimu. Hakuna aliyeongeza fedha ndani ya tanuri.

Na kwa nini fedha wakati shaba ni rahisi? Oksaidi ya fedha hupitisha umeme, ya shaba hupitisha vibaya. Kadiri umbo linavyokuwa bapa ndivyo uso unavyoongezeka kwa ujazo uleule, na uso ndio unaoliwa na oksijeni. Kigamba cha shaba kisicholindwa ni mzaha wa gharama.

Lakini nisieleweke kwamba tufe halina heshima kwangu. Kuna kazi moja ambayo chembe nyingine yoyote ingeiharibu. Ukifungua kioo cha skrini utakuta utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari mingi ya shaba umebanwa pembeni mwa kioo. Kati yao kuna gundi inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwa unene wake. Ndani yake kuna vitufe vya plastiki vyenye kipenyo cha mikromita 3 hadi 5 hivi, vimepakwa nikeli kisha dhahabu, vichache kiasi kwamba havigusani kwa pembeni. Iko chini ya kizingiti kwa makusudi. Ukibana kwa joto, kila kitufe kilichonaswa kati ya mstari wa juu na wa chini kinabonyea na kuwa daraja, na vile vilivyoangukia kwenye nafasi kati ya mistari vinabaki vimezungukwa na gundi. Ukiweka vigamba badala yake, kigamba kimoja kilicholala vibaya kinaunganisha mistari miwili ya jirani. Ukiweka vitufe visivyolingana, kile kikubwa kinabeba mbano wote na vidogo havigusi chochote. Moyo wa plastiki nao una kazi: ukibonyezwa unataka kurudi, kwa hiyo mguso unabaki umekaza. Sijui umbo lililochaguliwa kwa busara kuliko hilo.

Kisha kuna nikeli ya miiba. Chini ya hadubini kila chembe inatisha, imejaa vichomo pande zote. Akili inakwambia kwamba vichomo hivyo vitagusana kirahisi na kizingiti kitakuwa chini sana. Ukiichanganya kwa upole na raba ya silikoni kinatokea kinyume. Unaweza kujaza nikeli kupita kiasi ambacho unga wa kawaida ungekuwa umeshapitisha zamani, na bamba likabaki kihami, kwa sababu silikoni inaloweka kila mwiba hadi kwenye mizizi yake na kuzitenga chembe. Libane kwa kidole: pengo kati ya mwiba na mwiba linapungua, uga unakuwa mkali kwenye ncha, elektroni zinapenya utando wa silikoni, na ukinzani unaanguka kwa mabilioni ya mara. Achia, unarudi. Vihisio vya mguso na swichi za nguo vimetengenezwa kwa hila hii. Neno la kushika ni "kwa upole". Ukikoroga kwa nguvu miiba inavunjika, unabaki na punje butu, na raba yako inakuwa raba ya kawaida yenye nikeli.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu ndipo asilimia kubwa ya malalamiko ninayoletewa yanapozaliwa. Umbo lililoandikwa kwenye mfuko wa unga ni umbo la kabla ya kuchanganya. Nyuzi za kaboni huwa na unene wa mikromita 7 hivi. Ukinunua zilizokatwa kwa milimita 6, uwiano wake ni zaidi ya 850, na kwa karatasi kizingiti ni chini ya asilimia 0.1. Zipitishe sasa kwenye ekstruda, skrubu ikizisukuma ndani ya plastiki nzito yenye joto, kisha zidunge kwenye kalibu kupitia tundu dogo. Zikitoka zina urefu wa sehemu ya kumi chache za milimita. Kwa milimita 0.2 uwiano umeshuka hadi chini ya 30. Mtu aliyenunua 850 anapima 30, kisha analaumu kaboni.

Dawa yake haina anasa. Chukua kipande cha bidhaa iliyokamilika, ondoa plastiki kwa kiyeyushi au kwa kuichoma taratibu, tandaza nyuzi zilizobaki kwenye kioo pamoja na tone la maji, piga picha kwenye hadubini, pima urefu wa mamia kadhaa. Ni kazi ya kuchosha macho na hakuna anayeipenda. Lakini ukishachora mgawanyo wa urefu, mara nyingi unaona papo hapo kwamba tatizo liko kwenye skrubu. Wengine huhamia nyuzi za chuma cha pua za mikromita 8, ambazo hujikunja badala ya kukatika, ndiyo maana zinaonekana sana kwenye maganda ya plastiki yanayozuia mawimbi ya redio. Mirija-nano nayo hukatika ukiipiga sana kwa mawimbi ya sauti ili kuitawanya. Unatibu mafundo yake huku unaifupisha.

Halafu kuna mwelekeo. Plastiki ikitiririka ndani ya kalibu, nyuzi zilizo karibu na ukuta hujilaza kufuata mtiririko, na za katikati mara nyingi hujikuta zimelala kukata njia. Kata vipande vitatu kutoka bamba moja, kwa urefu, kwa upana na kwa unene, na utasoma namba tatu tofauti. Aliyekupa namba moja amekupa ile iliyompendeza. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kuzipanga nyuzi zote sambamba hakuleti upitishaji mkubwa kuliko wote, hata ukipima kwa kufuata mwelekeo wake. Zikiwa sambamba kabisa hazikutani. Kila moja inaenda zake. Kupinda kidogo, kutokuwa na nidhamu kamili, ndiko kunakoziunganisha, na kilele cha upitishaji hupatikana hapo katikati.

Kaboni nyeusi, ile ya masizi ya kiwandani, inastahili neno moja kwa sababu inadanganya macho. Ukiikuza sana unaona vitufe vya makumi ya nanomita, na unaweza kusema basi, ni tufe, kizingiti 16. Lakini vitufe hivyo vimeungana tangu kwenye moto vikawa vishada vyenye matawi, na tawi ndilo linalogusa jirani. Wauzaji huupima utawi huo kwa kuona gramu 100 za unga zinanyonya mafuta kiasi gani. Kuna zinazonyonya zaidi ya mililita 300, na kuna zisizofika 50. Hizo za kwanza hupitisha kwa asilimia chache tu, hizo za mwisho hudai kiasi kikubwa. Bei haifanani, na mnato haufanani: kile kinachonyonya mafuta mengi kitanyonya na resini yako pia, na mchanganyiko utakuwa mzito hadi kijiko kisimame ndani yake. Nikimchagulia mtu kaboni ya sakafu isiyokusanya chaji, huwa naangalia namba ya mafuta kabla ya kitu kingine.

Na kuna upande wa pili wa biashara hii, ambako umbo linaajiriwa kuzuia. Koili za jenereta na mota kubwa hufungwa kwa utepe wa mika, vigamba vya madini vilivyogandishwa kwa epoksi juu ya kitambaa cha kioo. Ndani ya kihami chenye volti kubwa huwa kuna vijitundu vya hewa ambamo cheche ndogondogo hupiga bila kukoma, na cheche hizo huila resini taratibu, zikichimba mfereji unaotoa matawi kama mti kuelekea upande wa pili. Mti huo ukikutana na kitufe cha madini unakizunguka na kuendelea, umechelewa kidogo tu. Ukikutana na kigamba ambacho upana wake ni mara mia ya unene, unalazimika kutambaa pembeni kote hadi ukingoni, unateremka unene wa kigamba, na hapo kuna kigamba kingine kimelala. Madini ni yaleyale, lakini safari imekuwa ndefu kupindukia.

Ila vigamba hivyo lazima vilale kuukata uga. Vikisimama sambamba nao, mpaka kati ya mika na resini unageuka njia iliyonyooka ya kupita, na mti unafurahi. Ndiyo maana utepe huzungushwa tabaka juu ya tabaka, bapa la mika likiwa limelala juu ya shaba, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, hata pale kwenye kona za koili ambapo utepe unataka kujikunja na mafundi wanaanza kulaani.